Kurasa 16 za Bibi Pangani

Tangu Jumamosi iliyopita hatuli mezani. Meza imetekwa: maboksi ya sabuni yaliyokatwakatwa, sufuria ndogo yenye gundi ya unga wa ngano, vipande vya khanga, kalamu za rangi zilizopoteza vifuniko, na fungu la katani ambalo Bibi Pangani alilituma kwa basi ndani ya kiroba, pamoja na kitu kingine ambacho nitakifikia. Tunakula mkekani, na kwa watoto kula mkekani ndiyo sikukuu imeshaanza.

Kwetu sikukuu ni mbili. Upande wangu ni Waislamu wa Pangani, upande wa mume wangu ni Walutheri wa Moshi. Kwa hiyo Desemba tunapanda mlimani pamoja na Wachaga wenzetu wa Dar es Salaam, na Idi ikifika tunashuka pwani kwa mama yangu. Watoto wana Bibi Moshi na Babu Moshi, wana Bibi Pangani, wana mashangazi, wajomba na binamu pande zote mbili. Kila mmoja wao, katika moja ya sikukuu hizo, anapata kitu kilichotengenezwa na mikono ya watoto wangu watatu. Tumefanya hivyo kwa miaka minne sasa, na leo nataka kuandika kwa nini siwezi tena kuacha.

Nilipokuwa mdogo, zawadi iliyofungwa kwa karatasi inayong'aa na utepe tuliiona kwenye kalenda za ukutani tu. Sikukuu ilikuwa nguo mpya. Kitambaa kilinunuliwa mapema, kikapelekwa kwa fundi, na kuanzia kumi la mwisho la Ramadhani tulikuwa tunapita mbele ya baraza lake kila jioni, tunajifanya tuna safari zetu, kumbe tunachungulia kama gauni letu limefika kwenye cherehani. Asubuhi ya Idi tukivaa, tunazunguka nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi, shilingi mbili hapa, tano pale. Hizo ndizo zawadi za wakubwa kwetu.

Lakini kulikuwa na zawadi nyingine, za sisi kwa sisi, ambazo wakubwa hawakuzihesabu. Chini ya meza ya fundi palikuwa na mabaki ya vitambaa. Tulimwamkia, tukaomba, akatusukumia fungu kwa mguu bila kuacha kukanyaga cherehani. Kwa mabaki yale tulishona wanasesere. Tumbo tulijaza sufi tuliyookota chini ya msufi, nywele zikawa nyuzi nyeusi, na nguo za mwanasesere zikawa za kitambaa kile kile cha gauni la Idi la mwenyewe. Mwanasesere wa rafiki yangu alivaa gauni la rafiki yangu. Ilibidi ujue nani mwaka huu amenunuliwa kitambaa gani, na uombe kipande hicho hasa. Nimekuja kulifikiria jambo hilo sana nilipokuwa mama.

Miaka mitano iliyopita nilinunua zawadi za Krismasi dukani, kwa mara ya kwanza na kwa fahari, kwa sababu mwaka ule mambo yalikuwa yamekaa vizuri kidogo. Mtoto wangu wa kiume alipata gari la betri lenye taa. Liliwaka siku ya Krismasi, likawaka asubuhi iliyofuata, na kabla ya adhuhuri alikuja kuniambia, "Mama, gari limekufa." Halikuniuma lile gari. Kilichoniuma ni jioni yake, Babu Moshi alipomuuliza nani kampa zawadi, akajibu, "Sijui, lilikuwepo." Alikuwa na miaka mitatu, simlaumu. Ila nililala nikilisikia lile "lilikuwepo".

Mwaka uliofuata nikaweka sharti moja. Kabla hujashika mkasi, uniambie mambo matatu kuhusu mtu unayemtengenezea. "Ananipenda" siyo jambo. "Ni mzuri" siyo jambo. Nataka kujua anakaa wapi akiwa peke yake, mkono wake unashika nini mara kwa mara, nini kinamsumbua.

Wiki ya kwanza walinijia mikono mitupu. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka sita, alisema Babu Moshi anapenda redio. Nikamwambia hilo tunalijua wote, hata majirani wa Babu wanalijua. Akakaa kimya, akapotea chumbani, akarudi. "Redio ya Babu haina kifuniko cha betri. Amefunga na rababendi. Ikikatika, betri zinaanguka na habari zinakatika, halafu anamwita Bibi amtafutie betri chini ya kochi." Mimi nimekwenda katika nyumba ile miaka kumi na sijawahi kuiona rababendi.

Tukaishonea redio mfuko wa kitenge, wenye dirisha upande wa spika, tundu la antena juu, na mlango wa vifungo viwili nyuma unaokaza betri. Vipimo tulivipata kwa simu, kwa msaada wa binamu yao na rula. Siku ya Krismasi Babu aliigeuza ile redio huku na huku bila kusema kitu, akafungua kifungo, akafunga, akafungua tena. Kisha akamwita mtoto, akamwonyesha rababendi mbili za akiba alizokuwa nazo mfuko wa shati, akazitupa jikoni motoni mbele yake. Mfuko ule bado upo. Umechafuka kwa moshi wa kuni na haufuliwi, maana Babu hakubali redio ikae uchi hata siku moja.

Kumchunguza mtu hivyo mtoto hazaliwi nako. Hujifunza, na wangu walijifunzia kwenye vitabu vya picha kuliko mahali pengine popote.

Mimi mwenyewe vitabu hivyo sikuvipata utotoni. Shuleni tulikuwa watano kwa kitabu kimoja, na nafasi yangu ilikuwa ng'ambo ya dawati, kwa hiyo nilijifunza kusoma maneno yakiwa kichwa chini miguu juu. Hadi leo naweza kusoma karatasi iliyo mbele ya karani wa benki bila kuigeuza. Picha zilikuwa chache, nyeusi na nyeupe, na mwalimu aliziruka. Miaka ile ndiyo Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulikuwa umeanza, mwaka 1991, kuwapa moyo waandishi, wachoraji na wachapishaji wa hapa hapa watoe vitabu vya watoto kwa Kiswahili, kununua nakala na kuzipeleka shuleni. Vingine tunavisoma sasa na watoto wangu, karatasi zimekuwa laini kama kitambaa kwa kushikwa.

Jumamosi moja moja nawapeleka Maktaba Kuu ya Taifa, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sherehe za uhuru. Sehemu ya watoto ina kelele kidogo kuliko inavyopaswa, nami naipenda kwa sababu hiyo. Tuna desturi yetu: mara ya kwanza kitabu hakisomwi. Naziba maneno kwa kiganja, tunatazama picha tu, ukurasa baada ya ukurasa. Nani anamtazama nani? Kwa nini mbuzi ana kamba lakini hajafungwa? Mvua imenyesha au inakuja? Kitindamimba wangu, wa miaka minne, ndiye bingwa, kwa kuwa yeye hawezi kudanganywa na maneno. Mara ya pili ndipo tunasoma. Mara nyingi maneno yanakuta watoto wameshajua kisa, na mara nyingine maneno yanasema jambo moja na picha inasema lingine, na hapo ndipo mabishano matamu yanapoanza.

Binti yangu anapenda sana michoro ya John Kilaka, Mtanzania mwenzetu aliyechora vitabu vya watoto kwa mtindo wa Tingatinga, na ambaye vitabu vyake vimechapishwa Uswisi kwa Kijerumani na kusomwa nchi nyingi. Wanyama wake wamevaa nguo. Nilimweleza mtindo wenyewe ulikotoka: Edward Saidi Tingatinga, mwishoni mwa miaka ya 1960, hapa hapa Dar es Salaam, akichora kwenye mbao za hadibodi kwa rangi zile zile za kupakia baiskeli. Akaniuliza kama rangi ya baiskeli inauzwa bei gani. Nikajua mwaka ule zawadi zitakuwa vitabu.

Na kweli zikawa vitabu, ingawa rangi ya baiskeli nilikataa. Tulitumia kilichokuwemo jikoni. Mkaa uliosagwa ukawa weusi, choya ikawa zambarau, na manjano ya pilau yaliyokorogwa na maji kidogo yakawa jua. Hapo likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Mwanangu wa kiume alikuwa ametoka kunawa kwa sabuni ya kipande, hakusuuza vizuri kama kawaida yake, akaja na kidole kilicholowa akakiweka katikati ya jua la dada yake. Palepale manjano yakageuka mekundu, mekundu ya matofali, yakatambaa kwenye karatasi kama kidonda. Dada mtu alipiga ukelele. Kisha sote tukanyamaza tukainama mezani, pua zikikaribia karatasi. Manjano hukutana na sabuni yakabadilika rangi. Ndivyo yalivyo, na mama yeyote aliyewahi kufua nguo yenye doa la mchuzi ameliona doa lile likiwa jekundu ndani ya povu. Lakini nguo unaiona kwa hasira. Siku ile tuliliona kwa macho ya kuchora. Tukayeyusha sabuni kwenye kikombe, tukapata brashi ya pili, na kuanzia hapo kila kitabu chetu kina ukurasa mmoja wa machweo.

Mwaka ule wa vitabu vya kwanza tuliunganisha kurasa kwa gundi. Gundi yetu ni unga wa ngano, kijiko kimoja kwa maji vijiko vitano, unakoroga ukiwa baridi ndipo unauinjika, unapika mpaka unakuwa kama uji mzito unaong'aa. Vitabu vilikuwa tisa. Vilikauka, tukavibana chini ya gunia la mchele, tukavihifadhi kabatini. Tarehe 23 Desemba jioni nikafungua kabati nifungashe. Mende walikuwa wamekula migongo ya vitabu vyote tisa. Picha hawakuzigusa. Walifuata unga tu, wakatafuna mistari iliyonyooka kana kwamba wamepima kwa rula, na kurasa zikabaki zimelala huru kama karata.

Watoto walilia, na mimi nilikaa sakafuni nao kwa muda, sikuwa na la kusema. Usiku tukapakia kurasa zote kwenye mfuko na sindano na uzi mweusi wa kushonea. Ndani ya basi haikuwezekana, barabara inakurusha. Basi liliposimama Korogwe watu wale chakula, sisi tulishona. Mama mmoja aliyekuwa anauza machungwa aliacha beseni lake akaja kutushikia kurasa zisipeperuke, akamtazama simba aliyevaa koti, akasema, "Huyu anakwenda kuposa." Binti yangu akaandika hivyo hivyo kwenye ukurasa. Bibi Moshi alipokisoma kitabu kile alicheka mpaka akashika ubavu, na mwenye sentensi ile alikuwa Korogwe anauza machungwa.

Nilipomsimulia mama yangu mkasa wa mende, aliniambia mambo mawili. La kwanza, weka karafuu, kama anavyofanya yeye kwenye sanduku la khanga. Tangu hapo karafuu zilizotwangwa zinaingia kwenye gundi na nyingine zinatupwa kabatini, na hakuna kitabu chetu kilicholiwa tena. La pili, akauliza, "Katani imekwisha duniani?"

Katani kwa watu wa Tanga ni kama chumvi, ipo tu. Mkonge wenyewe ulianzia kwetu: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, safari ikaiua karibu yote, ikafika hai 62 tu, na hiyo ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Mashamba ya kwanza ya mkonge nchini yametokana na miche ile 62. Watoto wangu waliipenda hesabu hiyo kupita kiasi. Mwanangu alichora miche 62 kwenye ukurasa mmoja, akaihesabu mbele yangu kwa kidole ili nisimdhulumu.

Bibi anatutumia nyuzi zilizopigwa vizuri na sisi tunazisokota kwenye paja, nyembamba kiasi cha kupita kwenye tundu la sindano kubwa. Kushona tunashona hivi. Karatasi nne za A4 zinakunjwa katikati na kuingizwa moja ndani ya nyingine, zinapatikana kurasa 16. Kwenye mkunjo tunatoboa matundu matatu kwa msumari mwembamba. Sindano inaanzia ndani, inatoka nje kwa tundu la katikati, inarudi ndani kwa tundu la juu, inalivuka la katikati bila kuligusa, inatoka nje kwa tundu la chini, na kurudi ndani kwa tundu lile lile la katikati ililotokea. Ncha mbili zinakutana ndani, moja upande huu na nyingine upande ule wa uzi mrefu. Unafunga fundo. Kitabu kizima kimeshikwa na fundo moja, na ukilifungua kinakuwa karatasi tena.

Hadithi siyo lazima mtoto aitunge mwenyewe. Kuna mradi wa African Storybook, uliotoka Afrika Kusini, wenye mamia ya hadithi fupi za picha kwenye intaneti, nyingi kwa Kiswahili, na leseni yake inakuruhusu kuchapa, kutafsiri, hata kubadilisha, bila kulipa. Tumechapa kadhaa stesheneri ya jirani, tukazishona kwa katani, tukapeleka kwa binamu wasio na kitabu nyumbani. Jalada ni boksi la sabuni lililofunikwa kipande cha khanga kuukuu. Ukikata khanga ya kuvalia kitabu, unachagua: pindo, mji, au jina. Wangu wanagombania jina. Khanga yangu moja ya "Nani kama mama" ilipochakaa, mkasi ulipita vibaya, kitabu kimoja kikapata NANI na kingine KAMA MAMA. Cha KAMA MAMA tulimpelekea shangazi yao aliyewalea watoto wa marehemu kaka yake. Aliusoma ule mstari, akakigeuza kitabu kifudifudi mapajani, akaomba maji ya kunywa.

Dada yangu anaishi Philadelphia, na ndiye aliyenieleza jambo ambalo limenikaa moyoni. Majirani zake ni Wamarekani Weusi wanaosherehekea Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966, kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari. Maneno yake yote ni ya kwetu: mkeka, kinara, mishumaa saba, kikombe cha umoja, karamu, zawadi. Mtoto wake alialikwa siku ya sita. Mlangoni wakamsalimia, "Habari gani?" Akajibu kama alivyofundishwa, "Nzuri, shikamoo." Wenyeji wakafurahi, kisha wakamweleza kwamba kwao salamu hiyo hujibiwa kwa neno la siku, na neno la siku ile ni Kuumba.

Na zawadi zao, ambazo ni za watoto hasa, zina utaratibu: lazima pawe na kitabu, na lazima pawe na kitu cha kukumbusha asili. Kutengeneza kwa mkono ndiko kunakosifiwa, ili sikukuu isiwe ya maduka. Nimewahi kuwasikia watu wa kwetu wakiicheka Kwanzaa, kwamba eti wanatamka hivi, wanaandika vile, a mbili za nini. Mimi siwezi kucheka. Watu ambao babu zao walinyang'anywa lugha walikuja kuchukua neno letu "zawadi", wakalitwika kitabu na kazi ya mikono. Sisi wenye neno tulikuwa tumelitwika gari la betri.

Dada alipata maktabani kwao kitabu cha kuhesabu cha mwaka 1971, Moja Means One, kilichoandikwa na Muriel Feelings na kuchorwa na Tom Feelings, mume na mke waliowahi kuishi Afrika. Michoro yake ilipata heshima ya Caldecott, inayotolewa Marekani kwa picha za vitabu vya watoto. Moja, ukurasa wa kwanza, ni Kilimanjaro. Alitupigia picha ukurasa ule. Kitindamimba akautazama, akasema kwa uhakika, "Huo ni wa Babu." Kwani ndio, mawingu yakifunguka asubuhi unauona kutoka uani kwa Babu Moshi. Akaamua naye atengeneze chake cha Bibi Moshi. Moja mlima, mbili ng'ombe, tatu majiko, nne migomba. Tano ikamshinda, akachora vidole vya Bibi, na akakumbuka kile kimoja kilichopinda.

Sasa nimfikie Bibi Pangani.

Mama yangu hakusoma shule akiwa mtoto. Alijifunza kusoma akiwa msichana mkubwa, kwenye ngumbaru, baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 alikuwa kwenye kikundi cha Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya redioni: wanakaa chini ya mwembe, redio katikati, kitabu mkononi, wanasoma habari za mbu, maji ya kunywa na uchimbaji wa vyoo, halafu wanakwenda kuchimba. Anavikumbuka vile vitabu kwa heshima kubwa. Ila siku moja aliniambia, bila huzuni, kwamba kila kitabu alichowahi kukishika kilikuwa kinamwagiza kitu cha kufanya.

Binti yangu alilisikia hilo. Mambo yake matatu kuhusu Bibi yakawa haya: Bibi anakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani kwa sababu jicho moja lina mtoto wa jicho na anafuata mwanga, mkono wake unashika pindo la khanga akifikiri, na hana kitabu ambacho hakimtumi kazi. Akachora kivuko cha Pangani kinavyovuka mto kwenda Bweni, na kuku aliyepanda bila nauli. Maneno aliandika makubwa. Mawimbi hakuyachora, aliyabandika kwa vipande vya khanga ili kidole kiyasikie. Kazi ilimchukua wiki tano.

Idi iliyopita alimkabidhi, baada ya kumwamkia na kumbusu mkono. Bibi akakichukua akaenda nacho kizingitini. Akapapasa jalada, akapitisha kidole kwenye mshono wa katani, akakubali kwa kichwa. Kichwa cha kitabu alikisoma kwa silabi, ku-ku-na-ki-vu-ko. Kisha akafungua, na maneno akayaacha kabisa. Alisogeza ukurasa hadi karibu na jicho zima, akatua kidole juu ya mtu mdogo aliyesimama nyuma ya kivuko na tenga kichwani.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Anapeleka pono na changu ng'ambo."

"Bibi, siyo hivyo," binti yangu akasema. "Huyo ni abiria tu. Mwenye hadithi ni kuku."

"Umemchora wewe, mjukuu wangu. Lakini ninayemjua ni mimi."

Nilimwona mtoto akivuta pumzi ya kubisha. Wiki tano, kuku wake, mawimbi yake. Nikamwacha. Bibi alikuwa ameshaendelea: mama yake alivuka kabla ya kivuko cha injini, kwa mtumbwi, alfajiri, na siku moja tenga lilianguka majini na samaki waliokwisha kufa wakaelea kama wanaogelea kurudi kwao. Mimi ni mtoto wake na sikuwahi kulisikia hilo. Binti yangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akasogea mpaka bega lake likagusana na la Bibi, akauliza, "Tenga lilikuwa la rangi gani?"

Walikaa pale mpaka azana ya magharibi, na hawakuvuka ukurasa wa sita.

Hayo yalikuwa Idi. Wiki iliyopita kiroba kikaja kwa basi, katani juu, na chini yake, ndani ya kipande cha khanga chenye karafuu, kile kitabu. Nilishtuka, nikadhani amekirudisha. Binti yangu ndiye aliyekifungua. Chini ya kila picha, pembeni, hata juu ya mawimbi palipokuwa na nafasi, palikuwa na maandishi ya kalamu ya wino, herufi kubwa za ngumbaru zilizolala upande mmoja, kila moja imekandamizwa mpaka inasomeka kwa nyuma. MAMA ANAVUKA. TENGA LA MIYAA MYEKUNDU. SAMAKI WAMEKWENDA KWAO. Kuku hakufutwa. Ukurasa wa kumi amepewa jina.

Jioni nikampigia. "Shikamoo, Mama. Kitabu kimefika."

"Marahaba. Kurasa zimekwisha," akasema. "Nimefika kwenye harusi ya mama tu. Mwambie mwenyewe aongeze, asikibane sana, bado kuna watoto saba hawajazaliwa."

Ndiyo maana meza yetu iko hivi. Binti yangu amekaa mlangoni, kwenye mwanga, kitabu kimefunguka katikati mapajani, anahangaika na fundo kwa kucha. Kaka mtu ameshakunja karatasi nne mpya na anaulizia msumari.